Mvuke Usio na Watu

Nyuma ya noti ya shilingi hamsini iliyotolewa mwaka 2019 kuna mvuke. Unapanda kutoka kwenye mitambo ya jotoardhi. Pamoja nao kuna mapanga ya umeme wa upepo na paneli za sola, na Benki Kuu iliipa picha nzima mada ya nishati ya kijani. Mtu wa Nakuru haulizi mvuke huo umetoka wapi. Umeme wa jotoardhi wa Kenya unazalishwa katika kaunti hii: Olkaria kule Naivasha, ambako kazi ilianza mwaka 1981, Eburru upande wa Gilgil, na sasa Menengai, ambayo ukiwa katikati ya jiji unaiona imeinuka upande wa kaskazini. Kwa hiyo tunayo noti yetu. Ni ile ya chini kuliko zote, ile ambayo makanga huikunja kwa urefu na kuibana kati ya vidole, ile inayochakaa kwanza kwa sababu haikai mfukoni hata siku moja.

Nimeitazama picha hiyo kwa macho matupu na kwa kioo cha kukuzia, na kila mara jambo moja limenirudia: hakuna mtu. Mvuke unapanda, mapanga yamesimama, paneli zimeelekea jua, na hapana mkono ulioshika chochote. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 231, inasema noti na sarafu zinaweza kubeba picha zinazoiwakilisha Kenya au sehemu yake, ila zisibebe picha ya uso wa mtu binafsi. Waliotunga sheria hiyo walikuwa wakimwondoa mtawala. Mchoraji wa noti ya hamsini alipomaliza kazi, aliyeondoka ni mtawala pamoja na mfanyakazi. La kwanza lilikuwa haki ya Wakenya. La pili halikuamriwa na sheria yoyote, na ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini.

Kwanza tukubali kwamba uso ulikuwa na kazi yake. Wachongaji wa noti wanajua tangu zamani kuwa hakuna kitu ambacho jicho la binadamu hukitambua upesi kama uso wa binadamu mwenzake. Mkunjo wa mdomo ukisogezwa kidogo, kivuli chini ya jicho kikizidi, tunahisi kuna kitu hakijakaa sawa kabla hatujajua ni nini. Ndiyo maana vichwa vya wafalme na marais vilidumu kwenye fedha ya karatasi duniani kote: vilimtukuza mwenye kichwa, na papo hapo vilimsumbua mwenye kughushi. Mistari midogo iliyochongwa kwenye shavu la Mzee Jomo Kenyatta, ile inayopishana hadi ikatoa kivuli, ilikuwa ulinzi wa muuza nyanya asiyejua kusoma.

Sasa weka mahali pa uso huo jengo. Upande wa mbele wa noti zote tano za 2019 ni jumba la mikutano la KICC, Nairobi, lililokamilika mwaka 1973 kwa mchoro wa msanifu wa Norway, Karl Henrik Nøstvik. Ni jengo zuri, na mnara wake unakaa vizuri ndani ya mstatili. Lakini ni wangapi kule Molo au Kuresoi waliowahi kusimama kwenye uwanja wake? Dirisha moja likipunguzwa kwenye mnara huo, nani ataliona pengo? Kwa hiyo kazi ya ulinzi ilihamishwa. Iko kwenye alama ya maji ya kichwa cha simba, kwenye uzi unaobadilika rangi, kwenye michirizi iliyoinuka ambayo asiyeona huisoma kwa kidole. Nenda soko la Wakulima utazame mikono: noti ya elfu inanyanyuliwa juani, inapapaswa pembeni, inainamishwa huku na huku. Noti ambayo zamani ilitazamana na mwenye kuishika siku hizi inakaguliwa. Mabadiliko haya ya mkao wa mwili wa Mkenya mbele ya fedha yake ni makubwa, nami sijaona yakizungumzwa vya kutosha.

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na noti isiyo na uso kabla ya katiba yetu. Mwaka 1964, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliacha kumchapisha Malkia Elizabeth, na badala yake ikachapa chombo cha matanga majini katika Ziwa Victoria, na kichwa cha kifaru kwenye alama ya maji. Kwa muda mfupi, kati ya kuondoka kwa Malkia na kufika kwa marais, fedha yetu ilikuwa chombo kinachosafiri. Mimi naiona picha ile kuwa miongoni mwa bora zilizowahi kuchapwa katika eneo hili. Chombo hakijiendeshi: mwenye kuutazama mchoro anajua kuna aliyeshika usukani na kuna aliyefunga kamba, hata wakiwa wadogo kiasi cha kutoonekana. Uso umeondoka lakini mtu yumo.

Kisha zikaja noti za kwanza za Kenya, Septemba 1966. Kenyatta mbele, nyuma, kazi. Kwenye noti ya shilingi tano mwanamke anachuma kahawa, kwenye ya kumi wanachuma majani chai, kwenye ya ishirini wako kwenye mkonge. Ukiwa unatoka Nakuru kwenda Mogotio na kuyaona mashamba ya mkonge, noti ile ya ishirini haikuwa mapambo. Muundo wake ulikuwa wazi, na ulikuwa na ukatili wake: mtu mmoja ana uso na jina, wengi wana mikono na migongo. Mbele kuna anayetawala, nyuma kuna wanaovuna. Ili mwenye noti amfikie mchumaji wa chai ilimlazimu aigeuze. Siombi mpangilio ule urudi. Ila nasema ulikiri jambo ambalo noti ya hamsini ya leo hailikiri: kwamba utajiri huu una watu walioutoa ardhini.

Kwa watu wa Bonde la Ufa uso wa Kenyatta haukuwa uso tu wa mwanzilishi wa taifa. Agosti 1963, miezi minne kabla ya uhuru, alikuja Nakuru kuzungumza na walowezi Wazungu waliokuwa na hofu, akawaambia wasahau na wasamehe kama ambavyo naye angesahau na kusamehe, wabaki walime. Yaliyofuata kuhusu mashamba, nani alipewa, nani aliuziwa, nani alibaki kibarua, yanajulikana katika kila boma na kila kijiji kati ya Njoro na Subukia. Ukiishika noti ya Mzee, unashika pia historia hiyo. Uso mmoja uliochapishwa kwa nakala milioni nyingi haukusomwa kwa namna moja. Huko kwao Gatundu ulikuwa uso wa baba. Kwingine ulikuwa uso wa hati ya shamba ambayo hawakuipata.

Alipoingia Daniel arap Moi, mzaliwa wa Sacho, Baringo, mwenye makazi Kabarak, sura iliyokuwa kwenye noti ikawa ya jirani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitutazama kutoka kwenye noti, na nyuma ya noti yake ya shilingi kumi ya muongo ule kulikuwa na ng'ombe wawili na watoto wawili wa shule wanakunywa maziwa. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu naihesabu kuwa noti iliyochorwa kwa ufundi kuliko zote tulizopata baada ya uhuru, na pia iliyo hatari kuliko zote. Mpango wa maziwa ya Nyayo ulianza mwaka 1979. Waliosoma shule za msingi wakati huo hawajaisahau ile pakiti ya pembe tatu. Mchoraji ameuchukua mpango wa serikali na kuugeuza kuwa tendo la mwili: kinywa, maziwa, mtoto. Ng'ombe wamo, kwa hiyo mfugaji wa Bonde la Ufa anajiona. Watoto hawana majina, kwa hiyo kila mzazi anaweza kumweka wake hapo. Lakini igeuze noti, na aliyeko upande wa pili ni Rais. Pande mbili za karatasi moja zinatoa sentensi moja: huyu ndiye anayewalisha hawa. Mkulima aliyekamua ng'ombe ameachwa nje ya sentensi hiyo. Baadaye muongo huo maziwa yaliondolewa kwenye noti ya kumi na nafasi yake ikachukuliwa na chuo kikuu, picha ambayo haimgusi mtu.

Baada ya Moi, sura ya Kenyatta ilirudi kwenye noti. Kibaki alipoingia, uso wake ulifika kwenye sarafu ya shilingi arobaini ya mwaka 2003 ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, na ukaishia hapo. Na kuna mtu mmoja aliyekaa kwenye noti bila kuchorwa kamwe. Wakati wa uchaguzi wa 1992 noti ya mia tano iliitwa Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza kikundi cha vijana wa KANU cha YK'92, kilichojulikana kwa kumwaga fedha kwenye kampeni. Uso uliochapwa ulikuwa wa Moi. Uliotamkwa mtaani ulikuwa wa mwingine. Umma ulichora picha yake mwenyewe juu ya ile ya serikali, na ilikuwa sahihi zaidi, maana ilisema fedha ile imepitia mkononi mwa nani.

Historia hiyo yote ndiyo iliyoufanya umma utake noti zisizo na nyuso. Zilipozinduliwa tarehe 1 Juni 2019, zilizinduliwa huku kwetu, Narok, katika sherehe za Madaraka. Noti ya zamani ya elfu moja ilipewa hadi 30 Septemba mwaka huohuo irudishwe, na zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Nyuso hizo za Mzee zilibaki zilipofichwa, zimekuwa karatasi. Noti nyingine za zamani ziliendelea kuwa halali, ndiyo maana hadi leo chenji ya matatu ya Nakuru–Naivasha inaweza kukupa pamoja hamsini yenye mvuke na hamsini ya Mzee yenye msafara wa ngamia mgongoni. Ziweke sambamba. Msafara ni mtu hata kama humwoni anayeuongoza, kwa sababu ngamia hawajipangi mstari. Mvuke wa noti mpya haukuachii hata dalili hiyo.

Upande wa mbele wa noti mpya nitaupita haraka, kwa kuwa umezungumzwa mno. Chini ya mnara wa KICC inaonekana sanamu ya Kenyatta aliyeketi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Butler. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake walikwenda mahakamani wakidai hiyo ni picha ya mtu iliyokatazwa; Septemba 2019 Mahakama Kuu iliitupa kesi. Kwa macho ya mhakiki, sanamu ile haina nguvu za picha ya uso: haikutazami, haina macho ya kusomeka, imemezwa na jengo. Hata hivyo ndilo umbo pekee la binadamu upande huo wa noti zote tano. Nchi ya watu zaidi ya milioni 47, kwa hesabu ya sensa ya mwaka huohuo, ilijichagulia mtu mmoja wa shaba.

Lenye uzito zaidi kwangu ni ngazi ya mada. Hamsini ni nishati ya kijani. Mia ni kilimo. Mia mbili ni huduma za jamii. Mia tano ni utalii. Elfu ni utawala. Huenda waliopanga hawakukusudia daraja, lakini noti ni kitu cha daraja kwa asili yake. Kila mada imefungwa kwenye thamani, na thamani inajulikana hadi kwa mtoto anayetumwa dukani. Kwa mpangilio huu, anayechimba mvuke yuko chini, mkulima yuko juu yake hatua moja, mgeni anayekuja kutazama wanyama ana thamani mara tano ya mkulima, na anayetawala ana thamani mara kumi. Mimi ningeupindua. Kwa mji uliokua kwa ngano ya Njoro, viazi vya Molo na maziwa ya kila mahali, kuona kilimo kimewekwa kwenye mia na utalii kwenye mia tano ni kusomewa bei yako hadharani.

Kuna anayeweza kunijibu kwamba noti ndogo ndiyo inayopita mikononi mwa wengi, kwa hiyo picha iliyo juu yake ndiyo inayosomwa zaidi. Nalikubali hilo, na linanipa sababu zaidi ya kuidai. Ikiwa hamsini ndiyo noti ya mpakizi, ya muuza mayai ya kuchemsha, ya kijana anayelipa boda, basi ndiyo iliyopaswa kuwa na mtu.

Wanyama nao wamegawiwa: nyati kwa hamsini, chui kwa mia, kifaru kwa mia mbili, simba kwa mia tano, ndovu kwa elfu. Hii ni orodha ya wawindaji wa zamani, wanyama watano waliohesabiwa kuwa hatari kuliko wote kuwawinda kwa miguu. Ilirithiwa na watalii, na sasa imerithiwa na hazina ya taifa. Kwetu orodha hiyo ina jambo la ajabu. Mbuga ya Ziwa Nakuru, iliyotangazwa mbuga ya taifa mwaka 1968 na kuwa hifadhi ya vifaru katika miaka ya 1980, ina nyati, ina chui, ina kifaru mweusi na mweupe, ina simba. Ndovu haina. Mwanafunzi anayepelekwa mbugani na shule yake anaweza kuziona noti nne zikitembea, asiione ile ya utawala. Na ndege aliyeifanya Nakuru ijulikane duniani, heroe, aliyekuwa akiupaka ukingo wa ziwa rangi ya waridi kabla maji hayajapanda na kumsukuma kwenda Bogoria, hakupewa noti, kwa kuwa hakuna mwindaji aliyewahi kumwogopa. Ikiwa katiba inataka picha zinazoiwakilisha Kenya, orodha iliyotungwa na wageni wenye bunduki si mahali pa kuanzia.

Turudi Olkaria. Picha safi ya mvuke inapendeza kwa sababu mvuke hauna masizi, na mchoraji ameitumia sifa hiyo vizuri: mistari imelegezwa, nafasi imeachwa, jicho linapumua. Uzuri huo ndio unaonisumbua. Mvuke huo hautoki kwa hiari. Unachimbwa kutoka visima vya kina cha kilomita mbili hadi tatu, kwa mitambo inayoendeshwa na watu usiku na mchana, wenye kofia ngumu na vizibo vya masikio kwa sababu kisima kikifunguliwa hunguruma. Na ardhi unakotoka ilikuwa na wenyewe. Mwaka 2014, wakati wa mradi wa Olkaria IV, familia za Wamaasai wa vijiji vinne zilihamishwa na kupelekwa makazi mapya yanayoitwa RAPland. Walipelekea malalamiko yao Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, zilizofadhili mradi, na pande zikakalishwa kwenye usuluhishi. Miaka mitano baadaye mvuke wa Olkaria uliingia kwenye fedha ya taifa, na katika mchoro huo bonde halina boma, halina ng'ombe, halina kibarua wa Karagita. Sidai mchoraji alikuwa akificha kitu. Nadai kwamba mtindo aliouchagua, mtindo wa mabango ya miradi ambamo mitambo inasimama peke yake mbele ya anga tupu, una tabia ya kuficha, na aliyeutumia alipaswa kuijua tabia hiyo.

Sheria inamruhusu kufanya vinginevyo. Kilichokatazwa ni picha ya uso wa mtu binafsi, mtu mwenye jina. Mchumaji wa kahawa wa 1966 hakuwa na jina kwenye noti. Watoto wa maziwa hawakuwa na majina. Mchimbaji aliyeupa mgongo mtazamaji, mwanamke mwenye shuka jekundu akichunga kondoo huku nguzo za umeme zikipita juu ya malisho yake, mikono miwili ikifungua vali: hakuna kati ya hivyo kinachovunja kifungu cha 231, na kila kimoja kingeirudishia picha ile uzito iliyoupoteza. Noti za Uganda za mwaka 2010 hazina uso wa mtawala; zina ruwaza za mikeka, kazi ya mikono ambayo unaiona bila kumwona mfumaji. Tanzania imembakiza Nyerere kwenye elfu moja, na hiyo ni hoja nyingine. Njia zipo.

Agosti 2024 Benki Kuu ilitangaza noti zilizofanyiwa mabadiliko. Mwaka uliochapwa ni mpya, nyuzi za usalama ni mpya, na saini ni mpya: ya Gavana Kamau Thugge na ya Katibu wa Hazina Chris Kiptoo. Mvuke uliachwa vilevile. Nimezitazama saini hizo chini ya kioo, mahali wino ulipokaza na mahali ulipolegea. Kwenye noti nzima ya hamsini hizo ndizo alama pekee za mkono wa mtu aliye hai, na ni za maofisa wawili wa Nairobi. Mfululizo mwingine wa noti utakapochorwa, wachoraji waletwe kwanza Olkaria wakiwa na kalamu na karatasi, saa ya kubadilishana zamu, watu wanapotoka kwenye lango.